Maharage ya Harusi Kule Ukingoni

Ukipewa sherehe ya kupika, usianze kwa kuwauliza wenye shughuli wanapenda nini. Watakutajia kila kitu walichowahi kula kwenye harusi ya mtu mwingine. Uliza wageni wanatoka wapi, wamesafiri saa ngapi, na nani atahubiri. Hilo la mwisho mnalicheka, lakini mimi nimepika sherehe Karatu na kule juu Ngorongoro kwa zaidi ya miaka ishirini, na nawaambieni adui wa chakula cha sherehe si nzi. Ni hotuba. Nzi unamfukuza kwa kitambaa. Mjomba wa bwana harusi aliyeshika kipaza sauti humfukuzi.

Kwa hiyo chagua chakula kinachoweza kusubiri. Nyama ya mchuzi iliyo juu ya makaa inasubiri. Kuku aliyekaangwa asubuhi akafunikwa kitambaa hasubiri, hata akinukia vizuri namna gani. Kachumbari katakata watu wakiwa wameshasimama kwenye foleni. Saladi ya viazi yenye mayonezi iacheni huko huko hotelini kwenye majokofu. Na mgeni aliyetoka Ololosokwan kwa gari tangu alfajiri, tumbo lake ni tupu na limetikiswa njia nzima. Huyo mpe kwanza uji au mtori mwepesi, akae kidogo, ndipo umpe vya mafuta.

Nilipokuwa nayasema haya mwezi uliopita kwa wanafunzi wa mapishi, binti mmoja aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi akanyoosha mkono.

"Bibi, si bora kupika maharage tu? Hayana nyama, hayaharibiki haraka. Maharage hayawezi kumdhuru mtu."

Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu lake ni refu. Ndilo hili.

Mimi ni mtu wa Rombo. Nilifika Karatu nikimfuata mume wangu, fundi wa magari ya watalii, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata kazi ya kupika kwenye kantini ya wafanyakazi wa hoteli moja ukingoni mwa kreta. Tuliishi kota za huko huko, kwenye ukungu na baridi, nguo zikianikwa siku tatu bado zina unyevu. Wenzangu waliniita Mama Ndeshi, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Siku za kazi nilipika ugali na mboga. Jumamosi nilipika sherehe za watu: ubatizo, kipaimara, kuaga aliyehamishwa. Nilikuwa na jina. Nasema hivyo bila majivuno, kwa sababu jina hilo ndilo lililoniponza.

Kule juu huwezi kukata kuni ovyo, ni hifadhi. Mkaa unapandishwa kutoka Karatu, na ukifika umeshakuwa nusu vumbi. Basi kanisani tukaletewa semina ya akina mama kuhusu kikapu cha kupikia. Ni kapu kubwa lililoshonewa ndani mto wa pamba na blanketi kuukuu. Unachemsha chakula jikoni kwa muda, unaingiza sufuria kwenye kapu, unafunika vizuri, na chakula kinaendelea kuiva kwa joto lake lenyewe bila moto. Kwa wali ni kitu kizuri mno. Nilishona langu wiki ile ile na nikalipenda kama mtoto.

Mwalimu wa semina alisema jambo moja kuhusu maharage: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha sana kwa maji mapya kabla ya kuingiza kapuni. Nilisikia. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, wala siwezi kusingizia kelele.

Basi katikati ya miaka hiyo ya tisini, dereva wetu mmoja, Eliya, akamwoa Veronika, msichana wa Mbulu aliyekuwa anatandika vitanda hotelini. Sherehe ikafanywa kwenye bwalo la wafanyakazi. Ng'ombe alikuwa mdogo na wageni wengi, nikaamua maharage ndiyo yajaze sahani: maharage mekundu makubwa kutoka Mbulumbulu, kwa nazi na karoti. Pilau kando, kabichi, na maziwa ya mgando ya kumalizia.

Maziwa aliyaleta Nasieku. Huyu alikuwa mama wa Kimaasai, boma lake halikuwa mbali na kota, na kila asubuhi alikuja na vibuyu viwili mgongoni kutuuzia. Vibuyu vyake alivisafisha kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yakawa na harufu ya moshi mtamu. Siku ya harusi alikuja na vibuyu sita, akiwa amevaa shanga zake zote, kwa sababu alialikwa pia. Veronika ndiye aliyemwalika.

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Maharage nililoweka asubuhi ile ile, kwa kuwa usiku nilikuwa nashona kitambaa cha meza ya maharusi. Maji sikuyamwaga, nilitaka rangi ibaki. Nikayaweka jikoni, yakatoa mapovu, yakaruka ruka dakika chache, nikayaingiza kapuni nikaenda kushughulika na pilau. Mchana nikayatoa. Maganda yalikuwa laini, sura yake ya kuvutia. Nikaonja moja. Katikati palikuwa na ugumu kidogo, kama kiini cha karanga. Nikajiambia: vizuri, hayatapondeka kwenye sahani. Nikatia nazi.

Hakufa mtu. Natangulia kulisema ili msikilize yaliyobaki kwa utulivu.

Watu walikula wakasifu. Kama saa mbili baadaye, zawadi zilipokuwa zinatolewa na kina mama wanacheza na kitenge mbele, mpambe wa bwana harusi akatoka nje haraka. Kisha shangazi mmoja. Kisha meza nzima ya madereva. Bibi harusi alijikaza mpaka zawadi ya tatu, halafu akamshika mumewe mkono akasema kwa sauti ambayo kipaza sauti kiliikamata, "Eliya, naomba ndoo." Bwalo likabaki na watoto tu, wanakimbizana kati ya viti, wazima kabisa.

Nesi wa zahanati alikuja na maji ya chumvi na sukari, akanywesha watu wakiwa wamelala kwenye nyasi kama kondoo waliokatwa manyoya. Jua lilipokaribia kuzama wengi walikuwa wameshanyanyuka, wana haya kuliko maumivu. Ndipo mtu mmoja akasema, "Ni yale maziwa ya vibuyu."

Lilishika hilo neno. Lilikuwa jepesi kushika. Maziwa yametoka nje, yamebebwa mgongoni, hayajachemshwa. Kesho yake mwenyekiti wa kota, Bwana Mushi, akaita kikao kifupi nje ya kantini.

"Wapo wanaosema ni nyama, wapo wanaosema ni maziwa," akasema. "Mpishi yupo hapa. Mama Ndeshi, wewe unaonaje? Inaweza kuwa maziwa?"

Nataka mjue nilichokuwa nimekiona kabla hajaniuliza. Mzee Safari, mtunza stoo, hajawahi kunywa maziwa tangu nimfahamu, yanamvuruga. Alitapika kuliko wote. Na watoto, ambao niliwapakulia pilau na maziwa tu kwa sababu hawapendi maharage, walicheza mpaka jioni. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu kikaoni, yamesimama bega kwa bega. Sikutaka kuyatazama.

Nikasema, "Huenda."

Neno moja. Bwana Mushi akatangaza kwamba maziwa ya vibuyu yasiuzwe tena kota. Jumanne asubuhi, kupitia dirisha la kantini, nilimwona Nasieku akisimamishwa na mlinzi getini. Walizungumza kidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka sawa kamba ya vibuyu, akageuka. Baadaye nikasikia anawauzia walimu wa shule iliyo upande wa pili wa kilima, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwenda. Sisi wa kota tukaanza kunywa chai ya maziwa ya unga, na kila siku mtu akalalamika kwamba ina ladha ya kopo. Nami nililalamika pamoja nao.

Miezi ikapita. Sikupika maharage kwenye sherehe, wala sikujiuliza kwa nini siyapiki.

Aliyenifungua macho ni Bibi Martina, mkulima wa Kiiraqw kule chini Rhotia, aliyenifundisha mengi kuhusu vyakula vya upande huu: mtama mweupe, mboga za porini, namna ya kukausha mahindi yasiote ukungu. Ulimi wake haukuwa na adabu kwa wapishi. Mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara, nikateremka na kapu langu kumwonyesha. Yeye akanipa maharage mekundu niyapike, nami nikayapika namna ile ile. Nilipofunua, akachukua punje moja, akaipasua kwa ukucha, akanionyesha. Katikati palikuwa na duara jeupe.

"Dasi," akaniita, maana yake binti kwa lugha yao, ingawa nilikuwa na watoto watatu. "Hii umechemsha muda gani?"

Nikamwambia.

"Uliloweka lini? Maji yake yako wapi?"

Nikamwambia yamo humo humo.

Akamimina sufuria nzima nyuma ya nyumba, na hata kuku aliwafukuza wasisogee. Kisha akaosha mikono, akaketi.

"Maharage mekundu mabichi ni sumu. Hata manne matano yanatosha kumtapisha mtu. Hayataki joto la kubembelezwa, yanataka moto wa hasira, yachemke kwa nguvu mpaka yakubali. Hili kapu lako limeyaweka kwenye joto la kuoga." Akanitazama. "Kule juu uliwahi kuyapika hivi?"

"Niliwahi."

"Kule ndiko kubaya zaidi. Maji ya ukingoni huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Unaona mapovu unadhani yameiva. Watu walikuwaje?"

Nikaanza kukunja blanketi la kapu. Hakuuliza tena. Akasema tu, "Basi yule mama wa maziwa anatembea bure," kwa maana habari ilishateremka mpaka Rhotia. Kisha akaniagiza nikate vitunguu, wageni walikuwa njiani.

Vijana wengine wakisikia hapa huuliza kama nililia. Hapana. Nilikata vitunguu, kwa hiyo hata kama nililia isingejulikana.

Nilikwenda kwa Bwana Mushi, nikamweleza. Alikuwa mtu mwema asiyependa vurugu. "Mama Ndeshi, limepita," akasema. "Watu wamesahau. Ukilifufua, nani atakuita tena kupika?" Alikuwa sahihi kuhusu hilo la kuitwa. Nikakaa na ushauri wake wiki kadhaa, na niliuona una raha.

Kisha Veronika akajifungua, na wakaniomba nipike ubatizo. Bwalo lile lile, karibu watu wale wale. Niliona kwamba nitawapakulia chakula wale wale niliowalaza kwenye nyasi, nao watanisifu tena. Kabla ya sala ya chakula nikamwomba Eliya kipaza sauti. Akadhani nataka kutaja aina za vyakula.

"Siku ya harusi yao hawa," nikasema, "mliumwa kwa maharage yangu. Hayakuiva. Maziwa ya Nasieku hayakuwa na kosa. Nilishuku tangu kikao kile, nikanyamaza. Leo nimepika wali, nyama ya mchuzi na ndizi. Maharage hakuna."

Mzee Safari akasema kutoka nyuma, "Mimi nilisema! Nilisema sinywi maziwa, hakuna aliyenisikia!" Baadhi ya watu wakacheka. Wengine walikula ndizi tu, wakawa wanazigeuza geuza kwa uma. Meza ya madereva haikugusa kitu, walikwenda kununua mikate. Shangazi yule wa harusi aliniambia usoni kwamba mpishi mwenye siri ni mbaya kuliko chakula kibichi. Kwa karibu mwaka mzima hakuna aliyeniita kupika shughuli. Nikapika ugali wangu wa kantini, na jioni nikawa na muda mwingi wa kushona.

Kesho yake nilitembea mpaka kwa Nasieku. Alikuwa anakamua. Nikasubiri amalize, kwa sababu mtu anayekamua humsumbui. Alipokuja nikamwambia yote, pamoja na lile neno nililosema kikaoni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua ni maharage?"

"Nilijua si maziwa. Watoto wangu walikunywa kibuyu kilekile asubuhi. Mimi mwenyewe nilikunywa palepale mbele yenu."

"Kwa nini hukusema, yeyo?" nikamwita kwa heshima, kama Wamaasai wanavyomwita mama.

"Nilisema. Nilimwambia mlinzi, nikamwambia mwenyekiti. Wakaniambia mpishi ndiye anajua." Akafunika kibuyu. "Wewe ndiye ulikuwa unaulizwa, Mama Ndeshi. Mimi nilikuwa nafukuzwa."

Nikamwambia geti limefunguliwa, Bwana Mushi ameruhusu maziwa yake tena. Akatikisa kichwa. Walimu wanakunywa chai kila siku, akasema, na hawajawahi kumshtaki. Alinipa maziwa kikombe kimoja, nikanywa nimesimama, nikarudi. Kuanzia siku hiyo nilipotaka maziwa nilikwenda mimi kwake, si yeye kwangu. Tuliongea habari za ng'ombe, mvua na watoto. Lile jingine hatukuligusa, na sikuwahi kujua kama amelisamehe au ameliweka tu mahali.

Miaka ikaenda. Nikahamia Karatu mjini, barabara ikawekwa lami, simu za mkononi zikaingia, mapishi yakabadilika. Mkaa ukaanza kuiachia gesi nafasi, nikanunua jiko la presha, lile linalofunga mvuke, ambalo kule juu ni baraka kweli kwa sababu linayapa maji moto ambao ukingo unayanyima. Watu wakarudi kuniita polepole. Kapu langu nililitumia kwa wali na uji tu.

Siku moja simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya taratibu.

"Binti yangu anaolewa, yule aliyesomea ualimu. Nyama wanaume watachoma wenyewe, usiiguse. Vingine pika wewe."

Nikaitambua. Nikamuuliza anataka nini, nikamtajia wali, viazi, kabichi, chapati, vitu ambavyo havina maneno.

"Na maharage," akasema Nasieku.

"Yeyo, maharage kule juu mimi huwa sipiki kwenye shughuli."

"Mekundu. Watakuja walimu, watakuja watu wa kota. Pika."

Nilipika, na hapa binti wa koti jeupe aandike. Usiku nililoweka kwa maji mengi. Asubuhi nikamwaga maji yote, nikaosha mara mbili. Nikachemsha Karatu kwa moto mkali, yakiruka kwa nguvu nusu saa na zaidi sufuria ikiwa wazi, ndipo nikayatia kwenye presha mpaka punje ikibanwa kwa vidole viwili inakuwa uji bila duara jeupe. Nikayapandisha juu yakiwa ya moto, nikayaweka kwenye makaa, yakaendelea kutokota taratibu. Sikuonja moja. Nilionja kumi, kutoka juu, katikati na chini ya sufuria.

Nilifika saa nne asubuhi, wageni ndio wanaanza kuingia. Nasieku alikuwa amesimama mlangoni mwa turubai, amekuwa mzee, shanga ni nyingi kuliko zamani. Akasalimia, akachungulia sufuria, akavuta kiti cha plastiki akakiweka palepale mlangoni, mahali kila mgeni lazima apite.

"Keti," akasema. "Kula."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Chakula cha watu ni saa saba."

Nikaelewa. Nikapakua sahani iliyojaa maharage peke yake, nikaketi, nikala mpaka mwisho. Kisha nikabaki pale kwenye kiti saa tatu nzima, nimeshika sahani tupu, na nusu ya waliopita walikuwa watu wa ile harusi. Mzee Safari, ambaye sasa alitembea na fimbo, akasimama mbele yangu. "Tumbo linasemaje?" Nikamwambia limenyamaza. Eliya na Veronika walipita na watoto wao wanne, Veronika akaziba mdomo kwa kanga akicheka. Bwana Mushi alinisalimia akatazama pembeni. Mshereheshaji alitaka kunifanyia mzaha kwenye kipaza sauti, Nasieku akamtazama mara moja, naye akageukia kutangaza kwaya.

Tangu siku hiyo nimekula hivyo kila sherehe, saa tatu kabla ya wageni, mbele za watu, na nimewaambia wote niliowafundisha wafanye vivyo hivyo. Wengi wanaona aibu. Mimi pia niliona.

Ilipofika saa saba Nasieku akaja akasimama mbele ya kiti.

"Unajisikiaje?"

Nikajipima kwa uaminifu, toka kooni mpaka chini.

"Nina njaa," nikasema.

Aliangua kicheko mpaka akashika mlingoti wa turubai. Halafu akaenda kwenye sufuria mwenyewe, akajipakulia maharage, akavuta kiti kingine, akaketi kando yangu akaanza kula. Foleni ikajipanga nyuma yake.